Shajara ya mradi: kuwaandaa wanafunzi wa uuguzi wa Tanga kwa mafunzo ya nje ya nchi

Shajara hii inafuata kazi yenye pande mbili. Upande mmoja ni kuwaandaa wanafunzi wa stashahada na shahada ya uuguzi walioko Tanga ili wakafanye mafunzo kwa vitendo nje ya nchi kwa wiki kadhaa. Upande wa pili ni kuwapokea wanafunzi wa nje wanaokuja kujifunza kwenye wodi zetu. Tunaiandika ili chuo kingine, kiwe Muheza, Korogwe au Bagamoyo, kikitaka kuanza kisihangaike na yale tuliyokwisha kuyachambua.

Tunalolishikilia ni hili: nafasi nyingi hazipotei kwa sababu ya alama wala ufadhili. Zinapotea kwa sababu ya chanjo zilizochelewa na majina yasiyolingana. Vitu hivyo viwili ndivyo tunavianza, mwaka mzima kabla ya safari, hata kabla mwanafunzi hajajua anaenda nchi gani.

Septemba: chanjo

Tumepanga kalenda kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya safari. Kinachotawala kalenda yote ni homa ya ini aina B. Dozi ya pili hutolewa mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Kisha husubiriwa mwezi mmoja hadi miwili ndipo kipimwe kiwango cha kinga kwenye damu, na hospitali nyingi za nje zinataka kisipungue 10 kwa kipimo cha mIU/mL. Jumla ni kama miezi minane. Mwanafunzi anayepata barua ya kukubaliwa Juni na kutakiwa kuripoti Septemba hana njia ya kuyatimiza hayo kama hakuanza mapema. Upo utaratibu wa haraka, wa siku ya 0, ya 7 na ya 21 na dozi ya nne baada ya miezi 12, lakini muulizeni kwanza chuo mwenyeji kama wanaukubali.

Kabla ya dozi ya kwanza, kila mmoja anapimwa kama tayari ana virusi vyenyewe. Majibu ni ya mwanafunzi na kliniki tu. Hayapiti kwa mwalimu wa darasa wala hayaandikwi kwenye orodha ya mradi. Atakayekutwa na virusi anaelekezwa kwenye matibabu na ufuatiliaji, na suala la safari yake linajadiliwa naye faraghani, kwa sababu kanuni za hospitali za nje kuhusu jambo hili hazifanani.

Wapo waliochanjwa utotoni lakini kadi haipo. Kwao kipimo cha kinga kinaweza kusoma chini ya 10 hata kama mwili bado unakumbuka chanjo. Hawa wanapewa dozi moja, kisha wanapimwa tena baada ya mwezi mmoja au miwili. Wengi kinga hupanda. Isipopanda ndipo wanamalizia dozi zote.

Chanjo ya watoto ya hapa nchini ni ya surua na rubela, haina matumbwitumbwi. Hospitali za Ulaya na Marekani mara nyingi zinataka zote tatu, dozi mbili, zikipishana siku 28 au zaidi. Hapa ndipo mambo huvurugika. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na ya homa ya manjano ni hivyo hivyo. Ama zitolewe siku moja, ama zipishane wiki nne. Ukitoa moja leo na nyingine wiki ijayo, ya pili inaweza isishike vizuri. Pia chanjo ya surua inaweza kufifisha kwa muda majibu ya kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, hivyo kipimo hicho kifanyike siku ile ile ya chanjo au baada ya wiki nne hadi sita. Chanjo hai haitolewi kwa mjamzito. Swali hilo linaulizwa kwa staha, mmoja mmoja.

Kipimo cha ngozi chenyewe kinasomwa baada ya saa 48 hadi 72. Kisifanyike Alhamisi kama hakuna wa kukisoma Jumamosi au Jumapili. Kinachopimwa ni uvimbe mgumu kwa milimita, na wekundu haupimwi. Karibu wote tumechanjwa BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, kwa hiyo kipimo kusoma chanya bila ugonjwa kuwepo si ajabu. Andaeni picha ya kifua, na kama chuo mwenyeji kinakubali kipimo cha damu badala ya cha ngozi, chagueni hicho. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita ana sharti la peke yake: kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki ya IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), Dar es Salaam, na cheti chake kinadumu miezi sita.

Homa ya manjano ndiyo rahisi kuliko zote. Dozi moja inatosha maisha, kwa kanuni iliyoanza kutumika Julai 2016, na cheti kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano. Kadi ya njano iandikwe jina lile lile la pasipoti. Hilo linatupeleka kwenye mwezi uliofuata.

Oktoba: jina

Chukueni jina la kubuni. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi Athumani Bakari. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanakhamis Athuman Bakari. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kinasema Mwanahamisi Bakari Athumani. Kwetu huyu ni mtu mmoja na hakuna anayeshangaa. Kwa karani wa ubalozi ni watu watatu, na kila mmoja ana karatasi pungufu.

Utaratibu tulioufuata: kila mwanafunzi anaweka mezani karatasi zote, na jina linanakiliwa herufi kwa herufi kwenye jedwali, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kazi ya kunakili aifanye mwenzake, kwa kuwa mtu akisoma jina lake mwenyewe macho huruka. Tazameni hasa h na kh, i ya mwisho, herufi mbili zinazofuatana kama kwenye Shariffa, na mpangilio wa jina la baba na la babu.

Baada ya hapo ni kuamua karatasi ipi iwe msingi. Sisi tumechagua cheti cha mtihani wa taifa, kwa sababu ndicho kigumu kubadilika na ndicho kilichobeba jina hadi kwenye usajili wa chuo. Vingine vinakifuata kwa mpangilio huu: cheti cha kuzaliwa na uhakiki wake RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), kisha marekebisho NIDA, na pasipoti mwisho kabisa. Tofauti isiyorekebishika inawekewa hati ya kisheria ya jina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Kiapo cha kawaida peke yake hakizitoshelezi balozi nyingine.

Wanaoharakisha pasipoti kwanza huishia kuilipia mara mbili, na ada yake ni shilingi 150,000. Maombi yanavuta taarifa kutoka NIDA, kwa hiyo kosa lililoko NIDA linahamia moja kwa moja kwenye pasipoti. Mtandaoni fomu inajazwa vizuri ukiwa na karatasi hizi mkononi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwake, namba ya NIDA, picha, na barua ya chuo inayoeleza safari.

Halafu lipo tatizo la majina matatu. Fomu za Ulaya zina visanduku viwili tu: la mtu na la ukoo. Jazeni kama pasipoti ilivyogawa, hata kama darasani mwanafunzi anaitwa kwa jina la baba yake. Tiketi, bima, mkataba wa masomo na kadi ya chanjo vyote vifuate pasipoti.

Novemba: mkataba wa masomo na hesabu ya krediti

Wanafunzi wengi waliokuja kuuliza walidhani nafasi za Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili masomo, zinaombwa na mtu binafsi. Kwa mafunzo mafupi sivyo. Chuo cha Ulaya ndicho kinachoomba fedha, kikiwa kimeshasaini makubaliano na chuo cha hapa, na mwanafunzi anateuliwa na chuo chake. Chuo kisipokuwa na makubaliano, mwanafunzi hana pa kuingilia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya uongozi wa chuo. Tanga ina milango ya kubisha hodi: ni mji rafiki wa Eckernförde, Ujerumani, tangu 1963, na wa Toledo, Marekani, tangu 2001. Uhusiano wa miji hautoi nafasi za masomo wenyewe, ila unarahisisha kupata mtu wa kujibu barua.

Mkataba wa masomo unaeleza wodi, saa, stadi za kujifunza na jinsi matokeo yatakavyohesabiwa nyumbani. Usaini wa pande tatu, yaani mwanafunzi, chuo chake na chuo mwenyeji, ukamilike kabla ya safari. Mwanafunzi akiondoka bila huo, akirudi anaambiwa arudie mzunguko wa wodi alioukosa.

Hesabu ya krediti inataka makini. Hapa nchini krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka una krediti 120. Ulaya mwaka una krediti 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka, krediti mbili zetu ni moja yao. Ukilinganisha saa kwa saa, ni mbili na nusu au tatu zetu kwa moja yao. Amueni mapema mtatumia ipi na mwiandike ndani ya mkataba. Kwenye mafunzo ya wodi tunapendekeza saa, kwa sababu daftari la wodi linaonyesha saa na hakuna wa kulibishia. Wenyeji wa Ulaya nao wanafikiri kwa saa: kanuni ya Umoja wa Ulaya inataka muuguzi wa kawaida awe na angalau saa 4,600 za mafunzo, nusu yake au zaidi zikiwa za vitendo.

Mwanafunzi asisaini fomu yoyote inayomtaja kuwa muuguzi. Leseni hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga baada ya masharti yote kutimia. Hadi hapo yeye ni mwanafunzi, na ulinzi wake wa kisheria huko aendako unategemea neno hilo.

Januari: viza na fedha

Tumeshauri kipindi cha wiki 12. Sababu ni viza. Viza ya muda mfupi ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Wiki 12 ni siku 84, zinabaki sita za kufidia ndege iliyoahirishwa. Erasmus+ nayo inataka angalau miezi miwili kwa kipindi cha kawaida, kwa hiyo wiki 12 zinatosheleza pande zote. Ukivuka siku 90 unaingia kwenye kibali cha ukaazi, chenye karatasi nyingi zaidi na muda mrefu wa kusubiri.

Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Msikaribie siku 15. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, ingawa walio kwenye safari za masomo wanaweza kusamehewa, hivyo ulizeni kabla ya kulipa. Bima iwe ya kuanzia yuro 30,000 na iguse nchi zote za Schengen. Pasipoti ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya kurudi, na iwe na kurasa mbili tupu.

Yote haya yanafanyika Dar es Salaam, na alama za vidole haziwezi kutumwa kwa basi. Kwa mwanafunzi wa Tanga ni safari ya kama kilomita 350 kila upande, kupitia Segera na Chalinze. Bajeti ya mradi lazima iwe na nauli na malazi ya Dar. Miradi mingi huisahau gharama hii, ikamwangukia mzazi.

Kuhusu ufadhili wenyewe, fedha mara nyingi hutoka baada ya mkataba kusainiwa, na wakati mwingine baada ya mwanafunzi kufika. Tiketi inatakiwa kabla. Mtoto wa mvuvi wa Deep Sea au wa mkulima wa Pongwe hana pa kukopa kiasi hicho, na hapo nafasi inamwendea mwenye uwezo. Tumeandika kwenye makubaliano kwamba chuo mwenyeji kinunue tiketi moja kwa moja na kilipe mwezi wa kwanza wa malazi. Bila kipengele hiki tusingeteua mwanafunzi yeyote. Mradi unaopeleka wenye pesa tu hauna maana kwetu.

Februari: mazoezi ya wodi

Mwanafunzi wa Tanga anakwenda na stadi ambazo wenzake wa Ulaya wamezisoma tu vitabuni: kujaza patografu (chati ya mwenendo wa uchungu wa uzazi) wakati wodi imejaa, kumlea mtoto njiti kifuani kwa mama, kusoma kipimo cha haraka cha malaria. Kinachomkwamisha ni vifaa na vipimo vyenye sura nyingine.

Dripu ni mfano mzuri. Hapa mwanafunzi anahesabu matone kwa saa ya mkononi. Lita moja kwa saa nane, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Huko anakuta pampu inayodai mililita kwa saa, yaani 125. Aliyezoea 42 akiingiza 42 kwenye pampu, mgonjwa atapata theluthi moja ya maji anayotakiwa. Kwa hiyo kila hesabu kwenye mazoezi yetu inaandikwa mara mbili, matone kwa dakika na mililita kwa saa, na mwenzake anaihakiki kabla ya kugusa kitufe.

Sukari ya damu nayo inasomwa kwa vipimo viwili. Zidisha mmol/L kwa 18 upate mg/dL. Saba ni 126. Wafundisheni kutaja kipimo kila wanapotaja namba, hata kwa mdomo.

Mikono: wiki mbili kabla ya safari ulizeni kanuni ya mavazi. Uingereza na nchi kadhaa zinataka mkono uwe wazi kuanzia kwenye kiwiko, bila saa, bangili wala pete yenye kito. Kwa wasichana wetu wanaovaa mikono mirefu kwa imani yao jambo hili liulizwe mapema na kwa maandishi. Zipo hospitali zinazotoa mikono ya plastiki ya kuvaa na kutupa, na zipo zinazoruhusu kukunja wakati wa kumhudumia mgonjwa tu. Piko na hina za harusi zisubiri hadi kurudi.

Ajali ya sindano: mwanafunzi ajue kabla ya siku ya kwanza ampigie nani simu. Dawa za kinga ya VVU zinaanzwa haraka iwezekanavyo, zisivuke saa 72, na zinatumika siku 28. Ulizeni nani analipia. Bima nyingi za safari hazitaji ajali ya kazini, na hilo linatakiwa lisomwe kwenye karatasi ya bima yenyewe.

Wengi watapangiwa wodi za wazee wenye maradhi ya kusahau. Wengine huona wamedhulumiwa, wakitaka chumba cha upasuaji. Tunawaeleza waziwazi: kumlisha mzee asiyekukumbuka, kumgeuza kwa mashine ya kunyanyulia bila kumuumiza mgongo wala kuumia wewe, ni uuguzi kamili, na wazee wa hapa nyumbani wanauhitaji pia.

Machi: wageni wanaokuja kwetu

Kanuni moja inatosha kwa kuanzia: mwanafunzi mgeni hafanyi Tanga kitendo asichoruhusiwa kukifanya kwao kwa kiwango chake cha masomo. Asiyewahi kushona jeraha kwao hashoni hapa kwa sababu tu mgonjwa ni maskini na wodi ina watu wachache. Orodha ya stadi inakuja imesainiwa na mkufunzi wake, inabandikwa kwenye meza ya muuguzi wa zamu, na muuguzi huyo ana mamlaka ya kusema hapana.

Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya mafunzo wodini. Kibali cha ukaazi cha wanafunzi, watafiti na wanaojitolea ni daraja C. Maombi yaanze kabla mgeni hajapanda ndege.

Picha za wagonjwa ni marufuku, hata za watoto waliotabasamu. Wiki ya kwanza ni ya Kiswahili na adabu: shikamoo kwa mkubwa kabla ya swali lolote, pole kabla ya sindano, na kumwomba mama ruhusa kabla ya kumgusa mtoto wake. Ada wanayolipa igawanywe kwa maandishi, na sehemu inayojulikana iende kwenye glavu na vifaa vya wodi inayowafundisha. Kila mgeni anapokuja, tunadai nafasi ya mwanafunzi wetu kwenda. Bila hivyo hayo si mabadilishano.

Aprili: mawakala, na nafasi zilizo karibu

Matangazo ya kazi za uuguzi nje yamekuwa mengi kwenye simu za wanafunzi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2023 orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Uingereza inaifuata: waajiri na mawakala wake hawatakiwi kuja kuwasaka wauguzi katika nchi hizo, ila mtu mwenye leseni anaweza kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja. Wakala anayekuja Tanga kukusanya majina ya wauguzi wa kupeleka Uingereza, kwa hiyo, mtilieni shaka kabla hajafungua mkoba. Dalili nyingine: anataka pesa ya kushikilia nafasi, hatoi jina la mratibu wa hospitali, anasema uingie kwa viza ya utalii, au anataka abaki na pasipoti yako.

Ujerumani ni njia tofauti, ni mafunzo upya ya miaka mitatu yenye saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo, na mlango wake ni lugha. Bila Kijerumani cha kiwango cha kati, B1 au B2, msitumie hata shilingi kwa maombi. Mitihani hufanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam. Waliohitimu na wanaotaka shahada ya uzamili Uingereza waanze kutunza barua za ajira sasa, kwani Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi.

Wakati huo huo, afya ya kimataifa ina kituo cha basi hapa hapa. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na viwili kati yake ni Korogwe na Bagamoyo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto. Wauguzi ndio waliopima joto, wakachukua ridhaa za wazazi na kufuatilia watoto majumbani. Tunaandika barua kwa vituo vya utafiti vya mkoa huu na Bagamoyo kuomba wiki nne za mafunzo kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho: kuandika ridhaa, kutunza mnyororo baridi wa chanjo kati ya nyuzi 2 na 8, kuripoti madhara ndani ya saa zilizopangwa. Mwanafunzi mwenye wiki hizo nne ana cha kuandika kwenye ombi lolote la ufadhili.

Mei: hali ilivyo

Dozi ya tatu ya homa ya ini imeshatolewa kwa kundi la kwanza, na vipimo vya kinga vinachukuliwa Juni. Majedwali ya majina yamefungwa, isipokuwa wanaosubiri marekebisho NIDA. Hao hawateuliwi muhula huu. Majina yao yamewekwa mbele kwenye orodha ya muhula ujao. Mkataba wa masomo unasubiri saini moja ya mwenyeji. Kundi la pili linaanza chanjo ya kwanza Septemba, na fomu ya jedwali la majina watapewa siku hiyo hiyo, wakiwa bado kwenye foleni ya sindano.